Anywaye Maji na Atunzaye Msitu

Mto Zigi huanzia katika misitu ya Amani, Usambara Mashariki, hupita katika mabonde yenye miteremko mikali, kisha hujaza bwawa la Mabayani linalowapatia maji wakazi wa Tanga. Msitu ukifyekwa ili kupata mashamba na viwanja vya nyumba, mvua huipiga ardhi iliyo wazi. Badala ya kuzama polepole na kulisha chemchemi, maji huteremka kwa kasi yakibeba udongo, na udongo huo hutua bwawani.

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa na hekta zipatazo 8,380. Yafaa ikumbukwe kwamba zaidi ya hekta 1,000 kati ya hizo ni msitu wa kampuni ya chai, uliounganishwa na ule wa Serikali kwa makubaliano.

Hata hivyo, mipaka peke yake haitoshi. Mkulima aishiye mtoni juu naye anahitaji shamba, kuni na nyumba. Si haki kumtaka aache kulima ukingoni mwa mto, ilhali faida ya kujinyima kwake inafika mjini, naye anabaki mikono mitupu. Kwa sababu hiyo, ushirikiano wa Mamlaka ya Maji ya Tanga na UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wahifadhi wa bonde hilo, unastahili kuimarishwa. Miche, makingamaji na fidia ya haki si sadaka. Ni sehemu ya bei ya maji safi, na hapana budi anywaye achangie.