Nyumba Ni ya Nani?

Siku moja niliwasimulia wachumba wa parokia yetu desturi ya kisiwa cha Ngazidja. Wanaume wakacheka sana. "Mume huenda kukaa katika nyumba ya mke! Je, huyo ni mwanaume kweli?" Leo nataka kuwajibu hao wanaocheka.

Ngazidja ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, kati ya Afrika na Madagaska. Watu wake ni Waislamu, lakini ukoo wao huhesabiwa kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno kubwa katika mambo yake. Kuna mali ya ukoo iitwayo manyahuli, ndiyo mashamba na nyumba zinazotoka kwa mama kwenda kwa binti. Mali hiyo haigawanywi hata kwa sheria ya urithi ya dini yao. Binti akikua, jamaa yake humjengea nyumba, na bwana harusi huingia humo. Wakiachana, mume ndiye achukuaye nguo zake na kutoka. Mume akifa, hakuna shemeji wa kuja kudai ufunguo.

Sasa tutazame kwetu. Mume hajapoa kaburini, ndugu zake wamekwisha fika. Wanahesabu viti, masufuria na mabati. Mjane, aliyebeba maji ya kufinyanga matofali ya nyumba ile, anaambiwa: "Mahari tulitoa. Rudi kwenu!" Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya mwaka 1987, inampa mjane haki ya kukaa katika nyumba ya ndoa. Lakini nani ameisoma? Na wale waliomfukuza, siku ya Dominika tunawaona wamepiga magoti katika viti vya mbele.

Mtanijibu: "Mwacha mila ni mtumwa." Vema. Lakini mila gani? Wazee wetu waliporithi mali ya marehemu, walipokea pia kazi ya kumlisha mjane na kuwalea yatima. Kumrithi mjane kama mbuzi, Kanisa lilikataza, na lilifanya haki. Ninyi je? Mzigo mmeutupa, mabati mmeyashika. Hiyo si mila, ni wizi uliovaa nguo za mila.

Sisemi kwamba Ngazidja ni paradiso. Huko kuna harusi kubwa, anda, inayomaliza akiba ya miaka mingi. Mwanaume asiyeifanya, hata akiwa na mvi, huhesabiwa pamoja na vijana. Ali Soilihi, aliyetawala Komoro mpaka 1978, alitaka kuikomesha, alipopinduliwa, ikarudi. Mzigo huo siutamani. Lakini hata katika gharama hizo, dhahabu apewayo bibi harusi ni yake, na nyumba ni yake.

Basi, ninyi akina baba, msingoje kufa. Andikisheni ndoa zenu serikalini. Waiteni ndugu zenu mkiwa wazima, mkawaambie mbele ya mashahidi: "Nyumba hii ni ya mke wangu na watoto wangu." Nawe shemeji, siku ya msiba uje na unga wa kuwalisha yatima, usije kuhesabu mabati.