Hadithi ni Mali ya Nani?

Kila mara tunaposema neno juu ya kampuni ya Disney, twajibiwa jibu lile lile: "Acheni, hiyo ni michezo ya watoto tu. Panya wa kuchorwa amewakosea nini?" Panya hajatukosea neno. Watoto wetu wakimcheka, nasi twacheka pamoja nao. Tunalolishindania leo ni desturi moja ya kampuni hiyo, desturi ya siku nyingi ambayo wasomaji wengi hawaijui: kuchota maji katika kisima cha watu wote, kisha kukizungushia kisima ua na kuweka mlinzi mlangoni.

Tuanze mwanzo. Walt Disney alizaliwa Chicago, nchi ya Marekani, mwaka 1901. Hakuwa mtoto wa tajiri. Alipokuwa mdogo mjini Kansas City aliamka gizani pamoja na kaka yake Roy ili kugawa magazeti ya baba yao, wala baba hakumlipa Walt mshahara. Tarehe 16 Oktoba 1923 ndugu hao wawili walianzisha kampuni yao mjini Los Angeles. Walifanya kazi kwa bidii sana. Hilo hatulikatai, na mwenye kulikataa asema uongo.

Mwaka 1927 walibuni sungura aliyeitwa Oswald, akapendwa na watu. Lakini mkataba ulisema sungura yule ni mali ya kampuni kubwa ya sinema, Universal. Mwaka 1928 Walt alisafiri mpaka New York kuomba malipo yaongezwe. Kumbe, Charles Mintz, ambaye ndiye aliyemwagiza kazi, alikuwa amekwisha kuwavuta upande wake wachoraji wa Disney karibu wote. Walt akarudi nyumbani mikono mitupu. Ndipo yeye na rafiki yake Ub Iwerks walipomtengeneza Mickey Mouse, na sinema yake "Steamboat Willie" ikaonyeshwa tarehe 18 Novemba 1928. Basi, mtu aliyenyang'anywa sungura wake aweza kujifunza neno moja kati ya mawili. Aweza kujifunza kwamba si haki mtungaji kunyang'anywa kazi ya mikono yake. Au aweza kujifunza kwamba yafaa kuwa upande wa yule ashikaye karatasi. Sisi twaona kampuni ilijifunza lile la pili. Mwaka 1941, wachoraji wake kwa mamia walipogoma kwa ajili ya mishahara na chama chao cha wafanyakazi, Walt hakukumbuka safari yake ya New York. Mwaka 1947 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akasema mgomo ule ulikuwa kazi ya Wakomunisti.

Lakini tuje kwenye hadithi zenyewe, maana huko ndiko utajiri ulikotoka. Sinema ndefu ya kwanza ya kampuni, mwaka 1937, ilikuwa ya binti Snow White na watu wafupi saba. Nani aliitunga? Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliipata katika masimulizi ya watu wa nchi yao, wakaiandika katika kitabu chao cha mwaka 1812. Kisha kampuni ikachukua Pinocchio, kitabu cha Mwitalia Carlo Collodi. Ikachukua Cinderella ya Mfaransa Perrault. Hatusemi iliiba. Hadithi hizo zilikuwa wazi kwa kila mtu, kama njia ya kwenda mtoni, na Disney alipita kama wengine walivyopita. Alizichora vizuri. Fedha zikaingia.

Tena ilimchukua Kalulu. Ndiyo, sungura yule yule mjanja ambaye wazee wa Katanga humsimulia jioni motoni, na ambaye watu wengine wa Afrika wanamwita majina mengine. Waafrika waliouzwa utumwani Marekani hawakuruhusiwa kubeba kitu, lakini hadithi haiwezi kuvuliwa mtu kama nguo. Sungura alivuka bahari katika vinywa vyao, akaendelea kuwadanganya wenye nguvu katika mashamba ya pamba. Mwaka 1880 mwandishi mmoja Mzungu wa jimbo la Georgia, Joel Chandler Harris, alitoa kitabu cha hadithi hizo alizozisikia kwa watumwa. Mwaka 1946 kampuni ya Disney ikazitia katika sinema iliyoitwa "Song of the South". Mtu mweusi aliyeshika nafasi kubwa katika sinema hiyo, James Baskett, hakuwa na njia ya kuhudhuria siku ya kwanza ya kuonyeshwa kwake mjini Atlanta, kwa sababu ya sheria za ubaguzi za mji ule. Hadithi za babu zake ziliingia ukumbini. Yeye alibaki nje. Baadaye kampuni yenyewe iliona haya kwa sinema hiyo, hata haikuiuza kwa video nchini Marekani. Lakini sungura haikumwachilia. Mwaka 1989 ilimjengea mchezo wa mtumbwi unaotelemka katika maji, uitwao Splash Mountain, na watu wakalipa kiingilio kwenda kumwona mpaka ulipofungwa mwaka 2023.

Sasa tutazame ua. Mwaka ule ule wa 1989, katika mji mdogo wa Hallandale, jimbo la Florida, nyumba tatu za kulelea watoto zilikuwa zimechora ukutani picha za Mickey na rafiki zake ili kuwafurahisha wadogo. Kampuni ikawaandikia: futeni, la sivyo tutawashtaki. Wakafuta. Nyumba za kulelea watoto, ndugu wasomaji! Kampuni iliyochukua binti wa Grimm bila kulipa senti haikuweza kuvumilia panya wake ukutani mwa watoto wachanga. Wakubwa wake walisema sheria yawalazimu kulinda mali yao. Basi na tuitazame sheria.

Kwa sheria ya Marekani ya zamani, panya wa mwaka 1928 angekuwa huru mwishoni mwa mwaka 2003. Lakini mwaka 1998 Bunge liliongeza miaka ishirini, na kampuni ya Disney ilikuwa miongoni mwa waliowasukuma wabunge kufanya hivyo. Muda wa kazi kama ile ukawa miaka 95. Tufanye hesabu kidogo, kama watoto wa shule. Kitabu cha Pinocchio kilitoka mwaka 1883. Sinema ya Disney ilitoka mwaka 1940, yaani baada ya miaka 57. Kama Waitalia nao wangaliwekewa ua wa miaka 95, Disney angalingoja mpaka mwisho wa mwaka 1978 au angalilipa, na yeye mwenyewe alikufa mwaka 1966. Kwa hiyo mlango ambao kampuni iliupitia ndio uliofungwa nyuma yake. Hapo twasema wazi kwamba si haki. Panya yule wa kwanza alifunguliwa tarehe 1 Januari 2024, na kampuni haikufilisika.

Watu wa Afrika wana sababu zaidi ya kusema. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Mzulu mmoja aliyeitwa Solomon Linda aliimba pamoja na wenzake wimbo wa "Mbube", maana yake simba. Haki zake aliziuza kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia, ukabadilishwa maneno na jina, Wazungu wakautajirikia, naye Linda akafa maskini mwaka 1962. Mwaka 1994 wimbo huo ukasikika katika sinema ya Disney "The Lion King". Jamaa zake waliishtaki kampuni mwaka 2004, na mwaka 2006 yakafanyika mapatano wakalipwa. Waliwezaje? Mawakili walipata sheria ya zamani ya Waingereza ya mwaka 1911, isemayo kwamba miaka 25 baada ya mtungaji kufa, haki hurudi kwa warithi wake hata kama aliziuza. Wema wa tajiri haukuwapatia kitu. Waliopatiwa ni waliokuwa na jina la baba yao na tarehe ya kufa kwake.

Katika sinema ile ile lugha yetu ilitumiwa kama mtu anayeokota matunda chini ya mwembe usio wake. Simba, Rafiki, Pumbaa, hata fisi aliyeitwa Shenzi! Na juu ya yote, "hakuna matata". Sisi wa Congo twayasema maneno haya kila siku, maana matata yenyewe hatukosi. Waimbaji wa Kenya, Them Mushrooms, walikuwa wamekwisha kuyaimba mwaka 1982. Lakini mwaka 1994 kampuni iliomba serikali ya Marekani iyaandike kuwa alama yake ya biashara juu ya nguo, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Mwaka 2018 mtu wa Zimbabwe alianzisha barua ya kupinga, na watu zaidi ya laki moja wakaitia sahihi. Tuwe wakweli: alama ile haimkatazi mtu kusema, yahusu fulana na mavazi. Lakini fundi wa Goma au wa Mombasa atakayeandika maneno ya mama yake juu ya fulana na kuiuza Marekani, kwa nini akutane na wakili njiani?

Tuseme kidogo juu ya bustani zake za michezo, maana huko ua waonekana kwa macho. Ya kwanza, Disneyland, ilifunguliwa Anaheim, jimbo la California, tarehe 17 Julai 1955. Iligharimu dola milioni 17. Ilizungushiwa tuta la udongo ili aliye ndani asiione dunia ya nje. Siku ya kwanza watu wengi waliingia kwa tiketi za uongo, lami mbichi ikashika viatu vya akina mama, maji ya kunywa yakawa haba. Kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 1, na kila mchezo ulilipiwa peke yake. Oktoba 2024 bei ya siku zenye watu wengi ilipita dola 200, michezo ikiwa ndani yake. Familia ya baba, mama na watoto watatu na ihesabu yenyewe.

Huko Anaheim kuna mchezo wa mashua katika mito ya kutengenezwa kwa mikono, na mmoja wa mito hiyo waitwa Congo. Watengenezaji waliongozwa kwa sehemu na sinema "The African Queen" ya mwaka 1951, iliyopigwa kwa sehemu katika nchi yetu, mtoni Ruiki, si mbali na Ponthierville ambayo leo ni Ubundu. Na watu wa mto huo wa kubuni walikuwa wa namna gani? Wenye mikuki, na mmoja wao muuza vichwa vya watu vilivyokaushwa. Kwa miaka mingi familia za Marekani zilipita mbele yao zikicheka. Mwaka 2021 ndipo kampuni ilipomwondoa yule muuza vichwa. Mwenye kupanda mtumbwi kweli kweli kati ya Ubundu na Kindu ajua watu anaowakuta kandokando: wavuvi, wauza mihogo, watoto wa shule.

Bustani ya pili, Walt Disney World ya Florida, ilifunguliwa mwaka 1971. Ardhi yake, ekari zaidi ya 27,000, ilinunuliwa kwa siri kwa majina ya makampuni mengine, ili wenye mashamba wasijue mnunuzi ni nani na kupandisha bei. Mwaka 1967 jimbo liliipa kampuni eneo lenye utawala wake wa barabara, maji na majengo. Utawala huo ulidumu hata mwaka 2023, jimbo lilipoubadilisha. Baadaye zikaja bustani za Tokyo, Paris, Hong Kong na Shanghai. Katika ile ya wanyama, iliyofunguliwa Florida mwaka 1998, kuna kijiji cha kubuni cha Afrika ya Mashariki kiitwacho Harambe. Neno la watu wa Kenya la kuvuta pamoja limekatwa herufi ya mwisho, likatundikwa mlangoni pa biashara.

Watasema: yote yamefanywa kwa sheria. Kweli, mengi yalifanywa kwa sheria, na sheria nyingine waliisaidia kuzaliwa. Watasema: kampuni hutoa kazi kwa maelfu ya watu. Hatukatai, lakini kumpa mtu kazi hakukupi haki juu ya hadithi za bibi yake. Watasema: imejirekebisha, imelipa, imeondoa. Ndiyo. Tazameni tarehe: 2006, 2021, 2023. Jamaa ya Linda walipata kitu baada ya kushtaki, si kabla.

Kwa hiyo twawaomba wenye kutunga sheria katika nchi zinazosema Kiswahili watie misemo ya kawaida ya watu katika daftari la mali ya wote, wapeleke daftari hilo mbele ya ofisi za alama za biashara huko ng'ambo, na wadai jibu. Nanyi wazazi na walimu, msingoje ofisi. Nunueni daftari na kalamu, kaeni na mzee anayemjua Kalulu, mwandike hadithi kama anavyoisema, kwa lugha yake. Chini ya kila hadithi andikeni jina lake, jina la kijiji chake, jina la aliyemsimulia, na mwaka.