Mkono wa Kirchner Ulikuwa Mzima

Mwandishi mwenzetu anadai kuwa wachoraji wa ekspreshonizimu walipindisha sura za watu kwa sababu hawakujua kuchora. Ajabu! Waasisi wanne wa kundi lao la Die Brücke, mjini Dresden mwaka 1905, walikuwa wanafunzi wa usanifu majengo. Mstari ulionyooka waliujua vizuri. Na aitazame picha ya mmoja wao, Ernst Ludwig Kirchner, ya mwaka 1915: amejichora ndani ya sare ya jeshi, kiganja cha kulia kimekatwa. Kiganja chake halisi hakikuguswa. Kilichovunjika jeshini ni akili yake, nacho ndicho alichokichora. Kamera ingeonyesha mkono mzima, ikatudanganya. Tena hoja ya mwenzetu ni kuukuu: mwaka 1937, mjini Munich, Wanazi walizitundika picha za namna hii ili umma uzicheke.