Mimea ya Vilima vya Shaba

Juma hili twauacha kidogo ufuko wa Ziwa Tanganyika. Wengi wetu hapa Kalemie tuna ndugu huko Kolwezi, Likasi au Lubumbashi. Tena hadi mwaka 2015 sisi na wao tulikuwa wa jimbo moja la Katanga. Aliyewatembelea huenda ameona kilima kisicho na mti, chenye nyasi fupi na maua tu, huku msitu wa miombo ukikizunguka. Mgeni hudhani watu wamekata miti. Sivyo: udongo wenyewe ndio ulioikataa.

Katika kilo moja ya udongo wa vilima hivyo mna shaba ipitayo miligramu 1,000, pengine hata 10,000. Udongo wa shamba la kawaida una makumi tu. Shaba kidogo ni chakula cha mmea. Ikizidi, mzizi huumia kwanza. Ncha yake huacha kukua, hunenepa na kuwa ya kahawia, na mahindi hugeuka manjano.

Hata hivyo mzizi haukai bure. Ndani ya kila seli yake mna jeni, yaani maagizo ya urithi ambayo mzazi huyaacha katika mbegu. Madini yakiingia, baadhi ya jeni huamka: hizi huagiza protini za kuyashika, zile hujenga milango ya kuyatoa nje au kuyafungia katika kijumba cha ndani ya seli. Muhogo na lengalenga wetu pia wana jeni za namna hii. Tofauti ni nguvu zake. Mwaka 2008 wataalamu wa Ubelgiji na Ujerumani walionyesha kwamba mmea mdogo wa Ulaya, Arabidopsis halleri, una nakala 3 za jeni iitwayo HMA4, ambapo jamaa yake wa karibu ana 1 tu. Kwa hizo huipandisha zinki toka mizizini hadi majanini bila kuugua. Walipoipunguza nguvu jeni hiyo, zinki ilibaki mizizini.

Wanafunzi waangalie sana hapa, maana wengi hukosea. Mmea haujifunzi uvumilivu kwa kuteswa, kisha ukawarithisha watoto wake. Mbegu nyingi huanguka na kufa. Chache zilizozaliwa na jeni za kufaa hupona, nazo huzaa zinazofanana nazo. Kwa hiyo mahindi ya msimu mmoja hayazoeshwi shaba.

Vilima vya Katanga vina aina zipatazo 30 zisizoota penginepo duniani. Haumaniastrum katangense, ua la shaba, liliwaongoza watafuta madini. Na wachunguzi wa mambo ya kale walilikuta likiota palipokuwa na tanuru za wahenga wetu. Lakini kilima kikichimbwa chote, mbegu huondoka pamoja na mawe.

Nazo zatakiwa. Tanuru kubwa la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911, na moshi wake uliua mimea ya upande uelekeako upepo. Huko Penga Penga wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kupanda Microchloa kunthii, nyasi fupi ya vilima vya shaba, pamoja na chokaa na mbolea. Nyasi hiyo haiiondoi shaba. Huushika udongo tu, vumbi lisiruke hadi bustanini na jikoni. Na mama anayeosha lengalenga lililolimwa karibu na hapo huondoa vumbi la juu. Shaba iliyopandia mizizini haitoki kwa maji.