Kalsiumu na mtoto anayezaliwa kimya

Kwenye kikao cha juma lililopita mmoja wetu aliuliza: "Kila mara mnatuambia tule sambaza na ndagala, kalsiumu ya mifupa. Hiyo kalsiumu haina kazi ingine?" Iko nayo, tena kubwa. Tuanzie kwenye serumu.

Wengi wetu tumetundikiwa serumu ya Ringer. Jina hilo ni la munganga wa London, Sydney Ringer. Alikuwa akichunguza moyo wa chura uliotolewa mwilini na kuwekwa katika maji ya chumvi, nao ukaendelea kupiga. Baadaye akagundua kwamba msaidizi wake alikuwa ametumia maji ya bomba. Alipotumia maji yaliyosafishwa kabisa, moyo ulilegea, ukasimama. Kilichokosekana ni kalsiumu iliyokuwa katika maji ya bomba. Aliandika hayo mwaka 1883.

Leo tunajua kwamba kila chembe ya mwili inaiacha kalsiumu nje ya mlango. Nje ni nyingi karibu mara 10,000 kuliko ndani. Ikiingia kidogo, ni kama mgeni anayepiga hodi: msuli unajikaza, neva inapeleka habari. Hata yai la mama likipokea mbegu ya baba, ni wimbi la kalsiumu linaloliamsha lianze kuwa mtoto. Kisha pampu ndogo zinaitoa nje tena, na pampu hizo zinahitaji nguvu.

Oksijeni ikikosekana, nguvu inaisha na pampu zinasimama. Kalsiumu inafurika ndani, inaamsha vimeng'enya vinavyoikatakata chembe, na chembe inakufa. Zile za ubongo hazivumilii hata kidogo.

Kati yetu yuko mama ambaye mtoto wake wa tatu alizaliwa nyumbani usiku, bila kulia. Watu walimmwagia maji baridi, wakamning'iniza kwa miguu, wakampiga makofi. Mwishowe alipumua. Leo ana miaka sita na hajasimama bado. Hatumlaumu mtu, sisi pia tungefanya vile vile, kwa sababu ndivyo tulivyoona kwa mama zetu.

Mtoto wa namna hiyo apanguswe mara moja kwa kitambaa kikavu, apate joto, asuguliwe mgongo. Asipopumua, anayejua ampulizie hewa kwa ambu, ule mpira wenye kinyago, kabla dakika ya kwanza haijaisha. Ambu haihitaji umeme wala mafuta, inahitaji mkono uliofundishwa. Basi ukienda kupimisha mimba, uliza: ambu ya watoto wachanga iko wapi, na usiku nani anajua kuitumia? Wengine watakununia. Uliza tu.

Na mtoto aliyeamshwa hivyo asikimbizwe nyumbani. Chembe zilizoumia zinaweza kuendelea kufa kwa masaa, hata siku. Akishtuka-shtuka, akilegea, akikataa ziwa, munganga amuone saa ile ile.

Sambaza msiziogope. Kalsiumu ya chakula siyo inayofurika kwenye chembe. Mwili unapima ile ya damu, na mifupa ndiyo ghala yake.

Kwa kikao kijacho tumemuomba mkunga aje na ambu na mtoto wa plastiki, kila mmoja ajaribu kwa mkono wake.