Tundu Lililo Peke Yake



Juma hili twaomba ruhusa yenu tuzungumzie jambo dogo la waya mmoja na visanduku viwili, ambalo kwa siku tatu liliigeuza nyumba yetu kuwa mahali pa kununa. Tumeliandika kwa sababu mbili. Kwanza, jambo lenyewe lina manufaa, kwani nyumba nyingi za mitaani kwetu sasa zaunganishwa intaneti, na aghalabu wenye nyumba hawajui kilichofungwa ukutani mwao. Pili, tulikosea, na kosa letu halikuishia kwenye waya.

Tuanze na visanduku. Cha kwanza ni modemu. Hiki huletwa na kampuni na kufungwa pale waya wa kampuni unapoingilia nyumbani. Kwa wenye faiba, ndani ya waya huo mna uzi wa kioo mwembamba mfano wa unywele, na kinachopita humo si umeme bali ni nuru. Nuru hiyo yatoka mbali. Tangu mwaka 2009 nyaya za namna hiyo zilizolazwa chini ya bahari zimefika Mombasa, na mmojawapo, uitwao TEAMS, umetoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, upande ule ule wa bahari ambao majahazi ya wazee wetu yaliujua kwa kusi na kaskazi. Kazi ya modemu ni kuipokea nuru hiyo na kuifasiri iwe lugha ambayo vyombo vya nyumbani vyaifahamu. Ni mkalimani, lakini modemu yetu ni mkalimani azungumzaye na mmoja tu. Ukichomeka kipakatalishi kimoja, kitapata intaneti. Cha pili hakina pa kuchomekwa.

Cha pili ni ruta. Ruta hupokea kutoka kwa modemu na kuwagawia waliomo nyumbani, kila chombo kwa anwani yake, ama kwa waya ama kwa mawimbi ya hewani tunayoyaita waifai. Mfano wake ni mama mwenye upawa mbele ya sufuria ya pilau: hakulima mpunga, lakini bila yeye sahani hazijai.

Ziko modemu ambazo ndani yake mna ruta tayari, na wengi wenu mnazo hizo. Yetu haikuwa hivyo, na hata ingalikuwa, isingalitufaa sana. Nyumba yetu ni ya kale, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Modemu ilifungwa chini, karibu na mlango wa mbele, na waifai huchoka kupenya kuta za namna ile. Waya wa mtandao, kinyume chake, waweza kwenda hadi mita 100 bila tatizo. Kwa hiyo tuliiacha modemu pale pale, tukanunua ruta, tukapitisha waya wa mita 15 kando ya ngazi hadi ghorofa ya juu, ili ruta ikae katikati ya nyumba, mahali pa juu, mbali na tangi la maji na makabati ya chuma.

Kazi hiyo tuliifanya Ijumaa jioni. Mtoto wa ndugu yetu, mwenye umri wa miaka 14, anayekaa nasi kwa ajili ya masomo, alitushikia tochi. Nyuma ya ruta mlikuwa na matundu matano. Manne yalikuwa ya rangi moja na yamepangwa pamoja, na la tano limejitenga kidogo, lina rangi yake. Tulichukua waya utokao kwa modemu tukauchomeka katika tundu la kwanza la yale manne, kwa kuwa lilikuwa la kwanza. Kijana akaanza kusema, "Ami, hilo..." Tukamwambia ashike tochi vizuri.

Taa ziliwaka. Simu zote zikaiona ruta, zikaungana nayo, kisha zikaandika kwamba zimeunganishwa ila hakuna intaneti. Kumbe ruta ilikuwa ikigawa sahani tupu. Tuliizima na kuiwasha mara nne, tukalala na hasira.

Jumamosi tuliipigia simu kampuni. Binti aliyepokea alituuliza kwa upole kama tuna hakika waya umeingia katika tundu lililoandikwa WAN. Tulimjibu kwamba sisi si watoto wadogo, na kwamba atume fundi. Jumapili alasiri tulikaa barazani, na kila aliyepita tulimweleza kwamba kampuni ile yauza upepo. Watu wakaitikia, tena kwa visa vyao; mwenye lalamiko hakosi wa kumuunga mkono.

Siku hiyo hiyo binti yetu, ambaye anasomea ualimu, alitakiwa kutuma kazi yake kabla ya saa sita za usiku. Siku za nyuma alikuwa akikichomeka kipakatalishi chake moja kwa moja kwenye modemu pale chini, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kuuchukua waya ule na kuukaza ukutani, na hatukutaka uguswe kabla fundi hajafika. Baada ya sala ya isha alivaa buibui lake aende kwa shangazi yake kwenye intaneti. Mama yake hakupenda atoke saa zile. Sisi tulikuwa juu ya ngazi tulipomsikia kijana akimwambia kwa sauti ya chini, "Dada, waya umechomekwa katika tundu silo." Akamwuliza kwa nini hakusema tangu Ijumaa. Akajibu, "Nilisema. Ami aliniambia nishike tochi."

Wasomaji wetu, sisi tumesomesha watoto kwa miaka mingi. Tumewaambia wazazi katika majilisi kwamba elimu hutafutwa popote ilipo, hata kwa mdogo. Maneno yale ya kijana yalitukuta tumesimama gizani, na hatukuwa na la kujitetea. Tulimwita juu, tukamwambia afanye anavyoona. Tochi tukaishika sisi.

Aliutoa waya katika tundu la kwanza akauchomeka katika lile lililo peke yake. Intaneti haikuja. Tulikaribia kusema neno, tukalimeza. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Ami, niwie radhi, niizime na modemu?" Alieleza kwamba modemu nyingine hukikumbuka chombo cha kwanza ilichounganishwa nacho na kukikataa kigeni. Yetu ilikuwa imekizoea kipakatalishi cha binti yetu. Akavichomoa visanduku vyote viwili katika umeme, akangoja kama dakika mbili, akaiwasha modemu peke yake mpaka taa zake zikatulia, ndipo akaiwasha ruta. Saa nne kasorobo kazi ya binti yetu ilikuwa imetumwa, naye buibui lilikuwa limerudi kwenye msumari wake.

Ama sasa tuyapange haya kwa utaratibu, ili mwenye kutaka kuunganisha asipite tulikopita sisi.

Kwanza, zima vyote viwili na uvichomoe katika umeme.

Pili, chukua waya wa mtandao. Ncha moja itie katika tundu la modemu, na ya pili itie katika tundu la ruta lililoandikwa WAN au Internet, ambalo kwa kawaida limejitenga au lina rangi yake. Yale mengine yaliyoandikwa LAN ni ya kugawia: humo huchomekwa tarakilishi, televisheni na mfano wake.

Tatu, washa modemu kwanza. Itazame taa iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, nuru ya kampuni haifiki nyumbani, na hapo tatizo haliko kwa ruta yako. Piga simu, tena kwa adabu. Ikiwa haikuwaka na taa nyingine zimetulia, washa ruta.

Nne, kwa simu au tarakilishi, ungana na waifai ya ruta kwa jina na nywila vilivyobandikwa chini yake, kisha fungua ukurasa wa mipangilio kwa anwani iliyoandikwa hapo hapo. Ikiwa kampuni yako imekupa jina la mteja na nywila yake, humo ndimo vinamoandikwa, na bila hivyo ruta haipokelewi. Kampuni nyingine huzisajili ruta kwa namba zao. Ukibadilisha ruta, sharti uwaarifu.

Tano, ikiwa modemu yako ina ruta ndani yake, jihadhari na kugongana. Vyombo viwili vikitumia anwani moja, kwa mfano 192.168.1.1, ni kama nyumba mbili zenye namba moja katika uchochoro mmoja: mjumbe hajui abishe wapi. Dawa yake ni kuibadilisha anwani ya ruta yako iwe, tuseme, 192.168.2.1, au kuiomba kampuni iizime ruta iliyomo ndani ya modemu.

Sita, funga mlango. Ruta mpya huja na nywila mbili: moja ya kuingia waifai na nyingine ya kuingia kwenye mipangilio. Watu hubadilisha ya kwanza wakaisahau ya pili, ilhali ya pili ndiyo ufunguo wa nyumba. Badilisha zote mbili. Kwa waifai chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na nywila ndefu isiyo jina la mwanao wala namba ya simu. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni. Wafungulie wageni huo, wasiingie katika ule wa nyumbani.

Saba, kuna chujio. Katika mipangilio ya ruta mna mahali pa kuandika anwani za DNS, yaani daftari ambalo ruta hulitazama ili kujua kila tovuti iko wapi. Kampuni ya Cloudflare yatoa bure daftari la familia, 1.1.1.3 na 1.0.0.3, ambalo hukataa kufungua tovuti nyingi za uchafu na zile za kudhuru vyombo. Tumeziandika katika ruta yetu. Hata hivyo msilale mkidhani kazi imekwisha. Chujio hilo lalinda waifai ya nyumbani tu. Kijana akizima waifai na kutumia data ya simu yake, au akitoka mlangoni, halimfuati. Humfuata malezi.

Kwa kuwa jambo hili huulizwa mara kwa mara, tuligusie hapa: kutumia waifai ya jirani bila idhini yake ni kutumia kitu alichokilipia yeye bila idhini yake, hata kama mawimbi yamepita ukutani yenyewe yakaingia chumbani mwako. Muombe. Akikupa nywila, hiyo ni amana, usiigawe kwa wapita njia.

Jumatatu asubuhi tuliipigia tena simu kampuni ile. Yule binti hatukumpata, ila tulimwachia mwenzake ombi la radhi, naye aliahidi kulifikisha. Alasiri tukarudi barazani, na hilo lilikuwa zito zaidi. Tuliwaambia wale wale tuliowaeleza kwamba kampuni yauza upepo kuwa kosa lilikuwa letu, waya ulikuwa katika tundu silo. Wako waliocheka. Mmoja alisema kampuni zote ni wezi tu, tusijisumbue kuzitetea. Huenda ana visa vyake, lakini kisa chetu hakikuwa ushahidi wake, nasi tuliona hapana budi tukiondoe katika hesabu.

Kubwa zaidi ni la nyumbani. Twawafundisha watoto wetu adabu, na katika adabu hiyo ni kutomkatiza mkubwa maneno. Ni jema, wala hatuliachi. Lakini mtoto akiwa na ujuzi wa jambo na mkubwa hana, na mtoto akanyamaza siku tatu kwa kuogopa, hapo hatukumlea kwenye adabu, tumemlea kwenye woga. Wahenga walisema ukubwa ni jaa. Nasi hudhani maana yake ni kuvumilia maudhi ya watu, tukasahau kuwa katika yatupasayo kuyabeba ni kuambiwa na mdogo, "Ami, hapo umekosea." Nao wadogo, wakipewa nafasi, hulisema kwa heshima kuliko tunavyodhani. Yule kijana aliomba radhi kabla ya kuuliza.

Tangu siku ile, tukitaka kufunga au kubadilisha chombo chochote nyumbani, tumeweka desturi: mmoja husoma maandishi kwa sauti, mwingine hushika waya, na kabla ya kuchomeka tunawauliza wote waliopo kama kuna mwenye neno. Nywila za ruta tumeziandika katika daftari, na daftari hilo tumempa kijana alitunze.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshallah.