Kibodi ya kwanza ya kimakanika: kipimo kiwe kazi, si fahari

 

Ndugu wasomaji, juma hili tunazungumzia kifaa kidogo ambacho kimeanza kuleta maneno katika nyumba zetu. Kijana aliye chuoni, au binti anayepata riziki yake kwa kuchapa kazi za watu, anawaomba wazazi wake kibodi mpya ya kompyuta, ile iitwayo ya kimakanika. Mzazi anaitazama kibodi iliyopo, anaona bado inaandika, naye anashangaa. Akionyeshwa picha ya hiyo inayoombwa, anaona taa za rangi zote zikimeremeta, na hukumu inatoka papo hapo: huu ni mchezo, tena ni israfu. Kijana anaondoka amenuna, akiamini kuwa wazee hawayajui mambo ya leo.

Tuonavyo sisi, kila upande umeshika kipande cha haki. Katika Suratul Furqaan, aya ya 67, waja wema wanasifiwa kwa kukaa katikati ya ufujaji na ubahili. Tuzingatie kwamba maovu yaliyotajwa hapo ni mawili. Anayenunua fahari kwa jina la kazi amekosea, na anayemnyima mfanyakazi zana yake ilhali uwezo anao, naye ajitazame. Fundi cherehani hatuambii kuwa sindano butu inamtosha kwa sababu bado inatoboa kitambaa. Basi swali la kwanza nyumbani lisiwe bei, bali liwe hili: mikono hii inafanya kazi gani, na kwa saa ngapi kila siku?

Tuanze kwa kukijua kitu chenyewe. Ndani ya kibodi nyingi za bei nafuu mna karatasi laini ya plastiki yenye njia za umeme, na juu yake utando wa mpira wenye vinundu. Kila kitufe hukandamiza kinundu chake hadi chini ndipo herufi itokee. Mpira huo huchoka. Baadhi ya vitufe huwa vigumu, vingine huruka herufi, na kitufe kimoja kikifa, mara nyingi kibodi nzima hutupwa. Kibodi ya kimakanika hutengenezwa kwa namna nyingine. Kila kitufe kina swichi yake peke yake, yenye springi na vipande vidogo vya chuma. Katika swichi nyingi kitufe hushuka milimita 4 kwa jumla, lakini herufi hutoka kikifika karibu milimita 2, kwa hiyo mchapaji hahitaji kugonga hadi chini. Watengenezaji hukadiria swichi kubonyezwa mara milioni 50 au zaidi, ilhali kibodi za mpira kwa kawaida hukadiriwa kati ya milioni 5 na 10.

Teknolojia hii si ngeni. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ilianza kutoa swichi zake za MX mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa muda mrefu zilikuwa ghali. Hataza yake ilipokwisha muda, viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vikaanza kutengeneza swichi za umbo lile lile kwa bei ya chini. Ndiyo sababu leo kibodi ya kimakanika inayofaa hupatikana katika soko la kimataifa kwa dola 30 hadi 50, kabla ya gharama za usafiri na ushuru. Kwa familia nyingi hizo bado ni fedha za kuhesabiwa, lakini si tena fedha za matajiri peke yao.

Je, kila mtu anaihitaji? Hapana. Mwanafunzi anayechapa kurasa mbili kwa juma, au mama anayejibu barua pepe chache, kibodi ya kawaida inamtosha, na fedha hizo zina mahali bora pa kwenda. Anayeihitaji ni yule ambaye kuchapa ndiyo kazi yake: mhudumu wa steshenari, mfasiri, mwandishi, mwandishi wa programu, mwanafunzi anayeandika tasnifu, ustadhi anayetayarisha masomo ya madrasa. Isitoshe, mwenye kompyuta mpakato ambayo vitufe vyake vimeanza kufa anaweza kuchomeka kibodi ya nje akaendelea na kazi, badala ya kuibadilisha kompyuta nzima. Lakini tusidanganyane: kibodi si dawa. Mwenye ganzi au maumivu ya vifundo vya mikono aende hospitali, na arekebishe ukaaji wake, kabla hajatafuta nafuu dukani.

Ikiwa haja imethibiti, kuna mambo matatu ya kuchagua kwa makini. La kwanza ni aina ya swichi. Ziko nyingi, lakini kwa anayeanza zinatosha tatu, ambazo kwa desturi hutambuliwa kwa rangi. Nyekundu hushuka moja kwa moja bila kizuizi, nayo ni nyepesi, yahitaji nguvu ya gramu 45 hivi. Ya kahawia ina kijinundu kidogo katikati ya safari, kidole kikajua kuwa herufi imeshatoka. Ya buluu ina kijinundu kikubwa zaidi na mlio wa “tik” kila inapobonyezwa. Mlio huo humfurahisha mwenyewe, lakini wengine huudhika nao. Nyumba zetu nyingi ni za vyumba vichache; mtoto mchanga amelala, mzee ameamka kwa tahajudi, jirani yuko ng'ambo ya ukuta mwembamba. Anayefanya kazi usiku na akachagua swichi ya buluu amejinunulia raha kwa usingizi wa wenzake, na jirani ana haki. Kwa nyumba ya watu wengi tunapendekeza ya kahawia au nyekundu. Hata hizo si kimya kabisa, maana kitufe hugonga chini, lakini kitambaa kinene kilichotandikwa chini ya kibodi hupunguza kishindo.

La pili ni ukubwa. Kibodi kamili ina vitufe 104, pamoja na kile kijisehemu cha tarakimu upande wa kulia. Anayefanya hesabu za duka au za vikoba asiache kijisehemu hicho. Ndicho kitakachomrahisishia kazi. Ya ukubwa wa kati huwa na vitufe 87. Imeacha tarakimu za pembeni lakini ina mishale na vitufe vyote vya kazi, nayo huwafaa wengi. Ile ndogo kabisa iliyozoeleka ina vitufe 61. Inapendeza machoni na hukaa kwenye meza finyu, lakini haina mishale ya peke yake wala safu ya juu ya vitufe vya kazi. Vyote hivyo hupatikana kwa kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja.

Hapa tunawatahadharisha hasa wanaochapa Kiarabu. Katika mpangilio wa Kiarabu unaotumika sana kwenye Windows, herufi dhali iko kwenye kitufe cha kushoto kabisa katika safu ya tarakimu, kabla ya 1, na shada hutoka kwenye kitufe hicho hicho kikibonyezwa pamoja na Shift. Kwenye kibodi nyingi za vitufe 61, mahali hapo pamekaliwa na kitufe cha Esc. Ustadhi anayechapa aya na dua atajikuta akitafuta dhali na shada kwa mchanganyiko wa vitufe kila mara. Huyo achukue ya vitufe 87 au zaidi. Kuhusu maandishi, kibodi nyingi za bei nafuu zina herufi za Kilatini tu. Vibandiko vya herufi za Kiarabu hutatua tatizo hilo kwa gharama ndogo. Kwa Kiswahili hatuna shida: mpangilio wa Kimarekani unatosha, na ile alama ya king'ong'o iko palepale karibu na Enter.

La tatu, ambalo wanunuzi wengi hulisahau, ni uwezekano wa kukarabati. Ulizeni kama swichi zinachomoka kwa mkono na kuchomekwa nyingine, au zimechomelewa kwa risasi. Zile zinazochomoka ni neema kwa mwenye kipato kidogo. Chai ya sukari ikimwagika na vitufe vitatu vikanata, hubadilishwa swichi tatu tu, si kibodi nzima. Ulizeni pia soketi hizo zinapokea swichi za kampuni nyingine au za kampuni moja tu, maana baadhi ya kibodi za bei ya chini hubagua. Waya nao uwe wa kuchomoka, kwa kuwa waya ndio hukatika kwanza. Vifuniko vya vitufe vya plastiki aina ya PBT hukawia kung'aa kwa mafuta ya vidole kuliko vya ABS. Mkivipata ndani ya bajeti ni vyema, mkivikosa kazi haitasimama.

Baada ya hayo, yako mambo ya kuacha. Taa za rangi hazichapi herufi hata moja. Kibodi isiyo na waya huongeza bei na betri ya kuchajiwa, ilhali meza yenu haihami. Jina kubwa la kampuni nalo mara nyingi hulipiwa kuliko ubora wenyewe. Hata hivyo, baadhi ya kibodi za bei nafuu huja na taa hizo mtake msitake. Hapo hakuna israfu, zizimeni na mfanye kazi. Wala tusikimbilie ya chini kuliko zote. Zipo kibodi zinazoandikwa “hisia za kimakanika” ambazo ndani yake ni mpira ule ule. Chomoeni kifuniko kimoja mbele ya muuzaji: mkiona kinundu cha mpira badala ya swichi yenye kijiti chake, hiyo siyo. Rahisi huwa ghali.

Tunafika kwenye malipo. Tusichukue mkopo wa riba kwa ajili ya kibodi, hata ule wa simu unaopatikana kwa dakika moja. Riba ni riba, iwe ya nyumba au ya vitufe. Kijana awekeze kidogo kidogo kutokana na kazi zake, na mzazi amuongezee kadiri Mwenyezi Mungu alivyomjaalia. Kifaa kilichosubiriwa hutunzwa. Mkinunua kilichotumika, tumieni mlango ambao sheria yetu imetufungulia. Katika fiqhi ya Imam Shafii, mnunuzi na muuzaji wanaweza kukubaliana khiyari ya siku zisizozidi tatu, mnunuzi akaamua ndani yake kuendelea na biashara au kuivunja. Siku tatu zinatosha kuchapa kila herufi mara mia na kuona kama kuna inayoruka au inayojirudia. Semeni sharti hilo kabla ya kulipa, mbele ya shahidi au kwa maandishi. Naye muuzaji Muislamu ajue kwamba kuficha kasoro anayoijua ni hadaa, na kwamba kasoro ya zamani inampa mnunuzi haki ya kurudisha.

Mwisho tunarudi kwa mzazi na mwanawe. Tunashauri wakae pamoja kabla ya kununua, na kijana aandike karatasi moja: kazi anazochapa, saa anazotumia, kiasi anachopata au anachotarajia, na bei ya kibodi aliyoichagua. Akishindwa kuijaza karatasi hiyo, amejijibu mwenyewe. Akiijaza, mzazi aisome kwa insafu, kama anavyosoma hesabu za mtu mzima, kwa sababu anayefanya hivyo mbele yake ameanza kuwa mtu mzima. Kibodi itaharibika siku moja, ama ibadilishwe. Lakini mtoto aliyezoeshwa kupima haja yake kabla ya kutoa fedha, na mzazi aliyezoea kusikiliza kabla ya kuhukumu, watakuwa na faida hiyo watakapofika kwenye pikipiki, kiwanja na mahari.

Wallaahu a'lam. Tukutane juma lijalo, insha-Allah.